Nimeacha kupunja. Je, ni lazima niseme?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mzee, na shikamoo. Nina miaka 26, nauza maharage na mchele sokoni, Arusha. Biashara ni ya mama yangu. Miguu ilipoanza kumsumbua mwaka jana aliniachia meza pamoja na mizani. Miezi miwili iliyopita nilikuwa na pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, nikaiweka juu ya mizani bila sababu yoyote. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na gramu mia na kidogo. Nilipomuuliza mama alisema fundi aliilegeza springi zamani, na sokoni wote ndivyo walivyo. Tangu siku hiyo kila ninapopima kilo naongeza kiganja kimoja cha maharage. Wateja wanadhani ni nyongeza, wananishukuru. Lakini jirani zangu wanauza kilo moja kwa shilingi 3,000 kama mimi, na faida yangu imekwisha. Naimba kwaya, mama ni kiongozi wa wanawake usharikani. Nikisema yaliyopita nitamwaibisha. Je, kuacha kimya kimya hakutoshi mbele za Mungu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na jina la Bwana lisifiwe. Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Kilichonishika hasa ni pale uliposema wateja wanakushukuru kwa kile kiganja. Nililiona neno hilo nikaiweka karatasi chini, kwa sababu mimi nami niliwahi kushukuriwa hivyo.

Vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na viliporudishwa mwaka 1982 vijana tuliojua hesabu tulipata kazi huko vijijini. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi, huku mlimani Kilimanjaro, kwa misimu 11. Mkulima akileta kahawa, gunia linapandishwa mizani, nasoma, natoa uzito wa gunia lenyewe, naandika stakabadhi. Magunia ya wakati ule yalikuwa mazito, ya nyuzi nene, na tulitoa kilo moja kwa kila gunia. Gunia la namna ile likiwa na unyevu linakaribia kilo kweli, kwa hiyo hakuna aliyenung'unika. Baadaye yakaja ya sandarusi. Gunia la sandarusi tupu halifiki hata robo kilo. Mimi nikaendelea kutoa kilo moja.

Sikugusa springi wala kumwita fundi. Niliacha tu jambo liendelee lilivyokuwa. Mwisho wa msimu ghalani kukawa na kahawa nyingi kuliko stakabadhi zinavyosema, na ile ziada mimi na mwenzangu wa ghala tuliijua njia yake.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Hakuwa na punda wala kijana wa kumbebea, kwa hiyo kahawa yake aliigawa katika vigunia vitatu, akavileta kimoja kimoja kichwani, midomo imefungwa kwa kamba za mgomba, vinanuka moshi wa jikoni kwake. Kahawa ambayo mwenzake angeileta katika gunia moja na kukatwa kilo moja, yeye alikatwa tatu. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, kagunia haka kana uzito gani?" Nikamjibu, "Ndiyo utaratibu, mama."

Nimeyatafakari maneno yale matatu kwa miaka mingi. Hakuniuliza utaratibu, aliniuliza uzito. Na utaratibu ulikuwepo kweli, ungeweza kumuuliza karani yeyote. Bwana wetu aliposema maneno yetu yawe "Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo," naamini aliwaona watu wa aina yangu, ambao hawasemi uongo ulio wazi, wanachukua kipande cha kweli na kukitumia kufunika kilichoulizwa.

Nilipokuwa nimeshaacha kazi ile, mama huyo alikuja nyumbani kuniomba mkopo. Mwanawe alikuwa amepata nafasi sekondari. Alitaka kunionyesha kwamba anaweza kulipa, akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa stakabadhi zake za kahawa, akazipanga mezani kwangu, misimu minne. Zote zilikuwa za mwandiko wangu. "Magunia 3, toa kilo 3." "Magunia 3, toa kilo 3." Nilihesabu nikiwa nimeinamisha kichwa ili asinione uso. Kilo 31.

Nilimpa ada ya muhula mzima. Nikamwambia, "Chukua, mama, ni msaada tu, usirudishe." Moyoni nikajiambia deni limekwisha, na mbele za Mungu mambo yamenyooka. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda juu ya wema wangu. Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa mzee wa kanisa, nimeketi mbele.

Basi ndiyo sababu nasema, mwanangu, kimya kimya hakutoshi. Kimya changu hakikukaa mahali pamoja, kilizaa. Kwanza nilichukua kahawa ya yule mama, kisha nikachukua na shukrani zake. Nawe kiganja chako sasa hivi kinafanya kazi hiyohiyo. Kile anachopokea mteja kama zawadi ni mali yake, na asante anayokupa inakwenda kwa mtu asiyekuwepo.

Ilinichukua wiki tatu kwenda kwake. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilisema yote, pamoja na ile kilo 31. Hakuinua macho. Alimaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akaiweka kwenye maji, akasema, "Nilisimama nikakushukuru mbele ya watu." Halafu akaniuliza, "Na wenzangu je?" Hakunikaribisha kukaa, na kwa muda mrefu salamu yake kwangu ilikuwa fupi. Lile swali lake ndilo lililonipeleka kwa mchungaji na kisha nyumba kwa nyumba. Uzee wa kanisa nilivuliwa kwa miaka miwili, na ilikuwa haki.

Maandiko hayakutuacha gizani katika jambo hili, ingawa sura zenyewe tunazisoma kwa nadra. Mambo ya Walawi 6 inasema aliyemdhulumu mwenzake arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano, ampe mwenyewe, na baada ya hapo ndipo alete sadaka yake ya hatia. Angalia mpangilio: mwenyewe kwanza, madhabahu baadaye. Hesabu 5 inataja kuungama kabla ya kurudisha. Na kama aliyekosewa hayupo wala hana jamaa wa kupokea, kilicho chake kinakuwa cha Bwana. Zakayo, yule mtoza ushuru, alipoahidi kurudisha mara nne alijichagulia kipimo cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22, wala si ile sehemu ya tano ya mtu anayejileta mwenyewe. Tena alisema akiwa amesimama, watu wakisikia. Sisi kila Jumapili tunaungama pamoja kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Ni maneno mazuri sana, nayapenda. Lakini sijawahi kumsikia mtu akiyafikisha mpaka kwenye gramu mia za maharage.

Sasa tuje mezani kwako.

Kwanza, acha kile kiganja. Peleka mizani kwa fundi mwenye leseni, kisha kwa Wakala wa Vipimo waihakiki na kuibandika stika. Ile pakiti ya sukari iweke mezani bila kuifungua, na mteja yeyote akitaka kujaribu mizani, mpe mwenyewe aipime.

Bei yako ya 3,000 haikuwa 3,000. Mtu akilipa 3,000 kwa gramu 900, kilo kamili inamgharimu 3,300 na zaidi. Bei hiyo ndiyo mliyokuwa mkiuza siku zote, wewe na hao jirani zako. Kwa hiyo usiogope kuitaja: 3,300, kilo kamili. Wapo watakaokupita kwenda meza ya pili, tena wengine ni wateja wako wa miaka. Sitaki kukuahidi kwamba Mungu atawarudisha kabla ya mwezi kwisha. Anaweza. Lakini usitengeneze mizani kwa sharti hilo.

Kuhusu yaliyopita, anza na wale unaowajua. Bila shaka una mama lishe anayechukua kilo tano kila siku. Kwa siku 26 za mwezi huyo amekosa kilo 13. Hizo ni sahani za watu, mwanangu. Amekuwa akiongeza maji kwenye sufuria yake asijue kwa nini maharage hayatoshi. Mwambie hivi: "Mama, mizani yetu ilikuwa inapunja. Tumeitengeneza. Naomba unisamehe, na nataka kukufidia." Usiseme "mizani iliharibika." Hilo lingekuwa "ndiyo utaratibu" yako. Lakini hulazimiki kueleza nani alimwita fundi. Akikuuliza, mwambie ni jambo la nyumbani mnalolimaliza. Kumnyima mtu jibu waziwazi ni tofauti na kumpa jibu la uongo. Mfidie kidogo kidogo, hata nusu kilo kwa siku, na uandike kwenye daftari ili ujue umefika wapi. Kwa wapita njia ambao huwezi kuwapata tena, kadiria, na kiasi hicho uwape wenye njaa. Wala usiwaangukie hao kwanza kwa sababu ni rahisi. Mama lishe ana macho, ndiyo maana ni mgumu, na ndiyo maana anatangulia.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa sababu ndiye anayekunyima usingizi. Timotheo aliambiwa asimkemee mzee, bali amwonye kama baba, na wanawake wazee kama mama. Basi usiende kwake na aya mkononi. Nenda jioni, mkande miguu, umwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya, wala usimvizie. Kumbuka pia kwamba yawezekana sare zako za shule na ada yako vilitoka kwenye zile gramu mia. Umezila pamoja naye. Sema "tulikosa," kwa maana ndivyo ilivyo. Anaweza kukasirika, anaweza kulia. Anaweza kukuambia hujui alivyohangaika na ninyi, na hilo litakuwa kweli, lipokee kama kweli. Mwombe aje sokoni siku utakapozungumza na mama lishe, akae tu pembeni. Akikataa, usimlazimishe, wala usimpeleke kwa mchungaji wala kwa kina mama wenzake. Hilo ni lake na Bwana wake, nawe endelea na sehemu yako.

Na fundi akikuambia mizani hiyo haitengenezeki, usimuuzie mtu. Najua mizani ni mali, na atatokea wa kuitaka. Ifungue, itoe springi, na lile sinia litumie kuanikia dagaa.