Kabla ya kununua albamu ya sarafu, inuse

Albamu yangu ya kwanza ilikuwa na jalada jekundu lenye nakshi za rangi ya dhahabu, na ndiyo iliyoniharibia sarafu kumi na moja za madini ya fedha. Niliipendea jalada. Kurasa zake zilikuwa za plastiki laini, angavu, zinazopinda bila kelele. Nilipoifungua mara ya kwanza ilinukia kama pazia jipya la bafuni, nikaona ndivyo kitu kipya kinavyonukia. Baada ya miaka mitatu hivi nikachomoa sarafu moja nimwonyeshe mgeni, ikateleza vidoleni kama iliyopakwa mafuta. Kuisogeza kwenye taa, nikaona ute wa kijani umejaa ndani ya herufi na katika kila msokoto wa nywele za malkia.

Wewe unayeanza, ukisikia watu wanabishana kuhusu albamu ipi ina jalada zuri, waache. Uliza jambo moja tu: ni kitu gani kitakachoigusa sarafu mchana na usiku kwa miaka kumi?

Plastiki iliyoniponza ni PVC. Kwa asili yake ni ngumu, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na vilainishi ili ikubali kupinda. Kadiri miaka inavyokwenda, hasa penye joto, vilainishi hivyo huchuruzika na plastiki yenyewe huanza kuvunjika na kutoa asidi. Asidi hiyo huipenda sana shaba. Usijidanganye kwamba zako ni za fedha tupu: sarafu nyingi za zamani za fedha zimechanganywa na shaba ili ziwe ngumu, na ule ukijani unatoka huko.

Plastiki unazozitaka ni poliesta, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mylar, au polipropilini, au polietilini. Kurasa za poliesta ni kavu mkononi, ukizipinda zinalia, na hazina harufu. Kama karatasi ya maelezo inasema "haina PVC", ni vizuri, lakini pua yako nayo iwe shahidi. Kwa albamu ambayo tayari unayo na huiamini, kuna jaribio la waya wa shaba. Shika waya kwa koleo, uuchome hadi uwe mwekundu, uuguse kwenye kipande kidogo ulichokata pembeni mwa ukurasa, kisha uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, ndani ya plastiki hiyo mna klorini. Fanya nje ya nyumba, maana moshi wake si wa kuvuta.

Kama umechelewa na ute umeshaanza, usiusugue. Loweka sarafu kwa dakika chache ndani ya asetoni safi, kwenye chombo cha glasi, mbali na moto na madirisha yakiwa wazi. Ya kuondolea rangi ya kucha haifai, huwa imetiwa manukato na mafuta. Asetoni itaondoa ute, lakini mahali ambapo asidi imeshakula hapatarudi. Kati ya zile kumi na moja nilizinusuru saba. Nne zina vishimo mpaka leo.

Sasa aina zenyewe. Wengi tunaanza na albamu za kadibodi zenye matundu yaliyoandikwa miaka chini yake. Sikatai, kuziba tundu la mwisho kuna raha yake. Kwa sarafu zilizokwisha kutumika sokoni zinatosha. Ila kadibodi ya ovyo ina salfa, na fedha iliyokaa nayo hupata duara la manjano ukingoni, kisha la bluu, mwishowe nyeusi. (Wapo wanaolipenda duara hilo na kulitafuta. Mimi simo.) Albamu nyingine za namna hii zina vipande vya plastiki vya kutelezesha juu ya matundu. Ukikivuta huku sarafu imechomoza kidogo, kitapita kwenye shavu la kichwa kilichochorwa na kuacha mistari myembamba. Sarafu isiyowahi kutumika nisingeiweka humo hata siku moja.

Mimi nimetulia kwenye faili la ringi lenye kurasa za vifuko. Uzuri wake ni kwamba mkusanyo unakua na kubadilika, na pande zote mbili za sarafu zinaonekana. Ndani ya vifuko natumia vikadi vyenye dirisha, vya milimita 50 kwa 50, vinavyokunjwa juu ya sarafu na kubanwa kwa stepla. Pima sarafu kwa rula kabla ya kununua vikadi, usikadirie kwa macho. Sarafu za euro peke yake zinaanzia milimita 16.25 kwa senti 1 hadi 25.75 kwa euro 2, na dirisha moja haliwezi kuzitosha zote: dogo litabana, kubwa litaiacha sarafu icheze na kujikwaruza.

Andika maelezo kwenye kikadi kabla ya kuweka sarafu, la sivyo kalamu itaigandamiza. Ukishapiga stepla, zibane pini kwa koleo zilale kabisa, kwa sababu pini iliyoinuka hukwaruza sarafu ya ukurasa wa jirani. Siku ya kuitoa, ondoa pini zote kwanza. Mtu mmoja mbele yangu alichana kikadi kwa haraka na ncha ya pini ikachora mstari kutoka paji la uso hadi kidevuni. Hakuna aliyesema neno.

Jambo ambalo sikuambiwa ni uzito. Sarafu ya euro 2 ina gramu 8.5. Ukurasa wa vifuko 20 ukijaa ni gramu 170, na kurasa 20 za namna hiyo ni kilo 3.4 kabla hujahesabu plastiki na vikadi. Ringi za duara huachia kwa mzigo huo na matundu ya kurasa huchanika, kwa hiyo tafuta ringi zenye umbo la herufi D, usijaze faili hadi pomoni, na ulisimamishe kama kitabu kwenye rafu badala ya kulilaza kurasa zikabanana.

Zile chache unazozienzi zaidi zipe kapsuli, yaani vikasha vya duara vya plastiki ngumu, kila moja kwa kipenyo chake. Shika sarafu kwa ukingo. Usizisafishe ili zing'ae. Mpira wa kufungia usikaribie fedha, una salfa.

Na kila baada ya miezi michache ifungue albamu, uinuse. Ile harufu ya pazia la bafuni ikikupokea, zitoe sarafu zote siku hiyohiyo, hata kama huna pa kuziweka. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, sarafu moja kila bahasha, zitakusitiri mpaka upate kurasa nyingine.