Dampo linazidi kujaa

Swali: Mtaani kwetu tunatenganisha plastiki na karatasi, lakini dampo bado linajaa. Tufanye nini?

Jibu: Geukieni mabaki ya chakula, ambayo yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa gesi ya methani, na yakichanganywa na karatasi huzilowesha hata zisifae kurejelezwa. Wekeni ndoo ya pili jikoni kwa mabaki hayo, kisha yarundikeni nje yaoze yawe mboji: maganda yafunikwe kwa majani makavu na rundo ligeuzwe mara kwa mara. Likinuka, aghalabu limelowa mno, hivyo ongezeni majani. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula mwaka 2005, na tangu 2013 kaya hulipia kadiri zinavyotupa, utaratibu ambao kwa maoni yangu miji mingi ingefaa kuuiga.