Kuivika Chasisi Mpya Gamba la Zamani

Kati ya modeli zangu za vichwa vya treni, kimoja kina gamba (mwili wa nje wa plastiki) la zamani lililokaa juu ya chasisi (fremu yenye mota na magurudumu) ya miaka ya karibuni. Gamba hilo nililipata likiwa na mota iliyonguruma kama mashine ya kusaga nafaka na giya zilizopasuka, lakini rangi yake na maandishi ya ubavuni yalikuwa safi kabisa. Chasisi mpya nayo ilikuwa tulivu na yenye nguvu, ila ilifunikwa na gamba lenye rangi ambayo sikuwahi kuipenda. Niliona kwamba kubadilishana magamba hayo ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua majuma matatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kurekebisha nilichoharibu siku ya kwanza.

Kosa langu lilikuwa kupima urefu peke yake. Modeli zote mbili zilikuwa za kipimo cha HO, yaani 1:87, na ziliiga aina ileile ya kichwa cha treni, kwa hiyo nilipoona urefu unalingana niliamini kwamba mengine yote yatalingana. Kipimo kinachotangulia vingine vyote ni umbali kati ya kitovu cha boji (kifremu cha magurudumu kinachogeuka kwenye kona) ya mbele na kitovu cha boji ya nyuma, kwa sababu usipolingana na nafasi zilizoachwa kwenye gamba, boji zitagusa ngazi au matangi ya mafuta kila treni inapoingia kwenye kona, na magurudumu yataacha reli. Kwenye reli iliyonyooka hutaona dalili yoyote. Baada ya hapo, pima upana wa ndani wa gamba. Baadhi ya modeli za zamani zilitengenezwa na kifuniko cha injini kipana kuliko inavyostahili ili mota kubwa za wakati ule zipate nafasi, na hivyo gamba la zamani mara nyingi huipokea chasisi mpya bila ugomvi. Anayetaka kulivika gamba jipya, jembamba na lenye vipimo sahihi, juu ya chasisi ya zamani ndiye atakayetaabika, maana itambidi apunguze chuma kwa tupa au abadilishe mota.

Kimo ndicho kilichonitia hasara. Chasisi za sasa hubeba bodi ya saketi juu ya uzito wa chuma, pengine na spika pia, ilhali waliobuni magamba ya zamani hawakuwa na sababu ya kuacha nafasi chini ya paa. Nililibana gamba mpaka likakaa, nikafurahi, na dakika chache baadaye treni ikasimama katikati ya mzunguko: paa lilikuwa limeikandamiza bodi ya saketi hadi kiungo kimoja cha risasi kikaachia. Tangu siku hiyo natumia udongo laini wa kuchezea. Ninafunika bodi kwa karatasi nyembamba ya plastiki, ninaweka vidonge vya udongo sehemu zilizoinuka, ninalishusha gamba taratibu mpaka kimo chake, kisha ninalitoa na kupima unene wa udongo uliobaki. Ukiwa chini ya milimita moja, siendelei mpaka nimepata nafasi zaidi.

Nafasi hiyo inaweza kupatikana kwa kukwangua mbavu za ndani ya paa, au kwa kuliinua gamba kwa vipande vyembamba vya plastiki. Njia ya pili inavutia kwa wepesi wake, lakini milimita moja katika kipimo hiki ni karibu sentimita tisa za treni halisi, na jicho hulitambua pengo hilo mara moja. Tena, kama viungio vya mabehewa vimefungwa kwenye gamba badala ya chasisi, navyo vitapanda na kuanza kuachana njiani. Kabla ya kukata chochote, amua ni kipi kati ya viwili uko tayari kukiharibu. Mimi sikati gamba la zamani mahali panapoonekana kwa nje, kwa kuwa chasisi naweza kununua nyingine.

Taa zinahitaji uangalifu wa pekee. Balbu ndogo za zamani hutoa joto, na zikiachwa ndani ya gamba kisha zikapewa umeme wa mfumo wa dijitali wa kuongozea treni bila kizuizi, zinaweza kuiyeyusha plastiki iliyo karibu nazo. Ziondoe, uweke LED zenye rezista. Rezista ya kiloomu moja imenitosha katika kazi zangu nyingi. Anayefanya kinyume, yaani kutia dekoda (kifaa kinachopokea amri za mfumo huo wa dijitali na kuiendesha mota) kwenye chasisi ya zamani, ajue kwamba katika nyingi kati ya hizo mota hupata umeme kupitia fremu yenyewe, na isipotengwa kabisa na fremu, dekoda itaungua mara tu umeme utakapowashwa. Aikague pia fremu kama ina nyufa au imevimba, kwani aloi ya zinki iliyochanganyika na uchafu wa risasi huoza kutoka ndani, na hakuna gundi inayoiponya.

Kuhusu kufunga, sipendi gundi. Vishikizo vya gamba la zamani havitalingana na matundu ya chasisi mpya, kwa hiyo ninagandisha vipande vya plastiki ndani ya gamba, ninatoboa, na kutumia skrubu ndogo, ili niweze kulifungua siku giya zitakapohitaji mafuta. Vyuma vya pembeni vya kushikia, ambavyo kwa kweli ni plastiki laini yenye utelezi, havikubali gundi ya kawaida ya modeli. Vitoe mapema, kabla havijakatika mkononi.

Jaribu treni kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo, kwa mwendo wa polepole, mbele na nyuma, gamba likiwa limeshikiliwa kwa utepe wa karatasi tu. Skrubu zangu niliziingiza baada ya jioni mbili za majaribio hayo, na kishikizo kimoja nilikihamisha mara tatu.