Kabla ya kuuliza "umekula nini?": kwa wasaidizi wapya wa vikundi vya wagonjwa wa sukari

Iwe Arua, Bombo au Busia hapa Uganda, wasaidizi wapya ni walewale. Mama anafungua daftari, namba ya sukari ya asubuhi ni 17 (mmol/L), na msaidizi hata hajakalia benchi vizuri ameshauliza: "Mama, umekula nini jana?" Mama anainama. Matoke, anasema. Kesi imekwisha, matoke yamefungwa. Wadogo zetu, mnatuchosha! Ila mnawahi kufika kuliko sisi, na mnajua jina la mtoto wa kila mtu, kwa hiyo tutawaeleza tena.

1. Kwa anayejidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, anza na tumbo, sahani baadaye. Nendeni faraghani, mwanamke kwa mwanamke mwenzake, akuonyeshe anapochoma. Usiishie kutazama. Nawa, pitisha vidole taratibu. Mara nyingi utakuta pembeni ya kitovu pamevimba kama andazi. Hapaumi, na ndiyo sababu anapapenda: sindano haisikiki. Tatizo ni kwamba insulini ikiingia kwenye uvimbe ule hufyonzwa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi kwa mpigo.

Sasa fuata mnyororo. Namba inapanda. Wewe unamkatia chakula. Musawo, yaani daktari, anaona namba tu kwenye daftari, anaongeza yuniti za insulini. Namba bado inacheza, mama analaumiwa kwamba anakula kwa siri, naye anaanza kuandika namba za uongo ili mumwache. Halafu siku moja mtu anamwambia, "Hamia pajani." Anahamia na dozi ileile iliyopandishwa, tumbo nusu tupu kwa sababu yako, na paja lisilo na uvimbe linapokea insulini yote. Saa tisa usiku shuka imelowa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki, na nyumbani wanatafuta aliyemroga. Hakuna aliyemroga. Ni swali lako la chakula, na ushauri uliokatwa katikati.

Ukikuta uvimbe, basi, aonane na musawo kabla ya kuhama, maana huenda dozi ikapunguzwa, na siku hizo apime mara nyingi zaidi, hasa kabla ya kulala. Akishahama, kila tundu liwe upana wa kidole kutoka la jana: tumbo, mapaja, matako, kwa zamu. Sindano iliyorudiwa hadi ikawa butu nayo huchangia uvimbe. Tunajua bei yake, hatumgombezi mtu, lakini aambiwe.

2. Chupa. Ile ya insulini ya mchanganyiko wa 70/30 (ya polepole na ya haraka pamoja) ikisimama, unga mweupe hutua chini. Iviringishwe taratibu kati ya viganja, mara 10 au zaidi, mpaka iwe nyeupe kote. Asiyeviringisha anavuta maji ya juu leo na unga mzito chupa ikikaribia kwisha. Ikiwa na mabonge, itupwe. Iliyoganda barafu pia itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri, kwa hiyo msimpelekee muuza samaki awawekee kwenye friza. Chupa ikifunguliwa iandikwe tarehe, wiki 4 inatosha. Asiye na friji achukue vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kitambaa kilicholowa juu, kivulini penye upepo. Chupa ikae ndani ya chungu kidogo, pakavu. Si kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, iliyotundikwa chini ya mabati.

3. Kupima. Aliyemenya embe asinawe atasoma namba ya embe. Sabuni, kausha, dunga ubavuni mwa kidole. Kopo la stripu za kupimia lifungwe papo hapo.

4. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au anatetemeka na kipimo hakuna: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Dakika 15, pima, rudia kama bado, kisha ale. Amezimia? Usimwagie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta gari. Na aliyekunywa waragi, pombe kali, bila kula, sukari yake inaweza kushuka usiku huku watu wakisema amelewa tu.

5. Sasa chakula, kwa kuwa mnakipenda. Matoke hayana kosa. Kosa ni matoke, posho (ugali), wali na viazi kukutana sahani moja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani kama dodo au nakati, robo wanga wa aina moja, robo maharage, samaki au yai. Na mhesabie chai: vikombe vinne, sukari vijiko vitatu kila kimoja, hayo ni mazungumzo.

6. Dozi ya mtu usiiguse, wala usimwazime ya kwako. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akitapika asiache insulini eti kwa kuwa hajala. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na chupa yake mkononi.