Re: Rangi za VHS zinamwagika nje ya nyuso

Habari mkuu. Kwa hiyo una nakala safi ya filamu nyeusi na nyeupe, na kipindi hichohicho cha rangi kwenye VHS (kanda ya video) iliyochoka, ila ukivipandanisha rangi zinahama.

Kabla ya kugusa rangi, angalia kasi. Kanda ya Marekani hukimbia fremu (picha) 29.97 kwa sekunde, ya Uingereza 25. Linganisha upya kila picha inapokatwa, la sivyo mtu anageuza kichwa na wekundu wa shavu unabaki hewani.

Halafu umbo. Filamu za namna hiyo zilipigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, pembe zimepinda. Pinda kanda ifuate filamu, siyo kinyume. Na VHS iliyonakiliwa mara kadhaa huteremsha rangi chini kwenye picha. Isukume juu kidogo.

Mwanga uchukue kwenye filamu, rangi tu kwenye kanda (kwenye programu ya AviSynth, amri ni MergeChroma). Ukungu wa rangi usikutishe, jicho linafuata mistari. Kisa cha 1971 cha Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, kiitwacho The Dæmons, kilirudishiwa rangi hivyohivyo 1992, kwa kanda iliyorekodiwa Marekani.

Pale kanda ilipoliwa kabisa, mimi sina dawa zaidi ya kupaka kwa mkono.