Peke Yako Hadi Kosi Bay, Bila Gari

Swali lenu la wiki hii, "Je, ni salama kusafiri peke yako wiki nzima kwenye pwani ya KwaZulu-Natal?", limenichokonoa. Afrika Kusini ikitajwa tu, tunauliza habari za wezi. Hakuna anayeuliza mtu atatokaje Durban hadi Kosi Bay, kaskazini karibu na mpaka wa Msumbiji, kilomita zaidi ya 400, akiwa hana gari. Wezi wa Durban dawa yao inajulikana: usitembee na simu mkononi pale Warwick penye stendi za teksi, na usiku ita Uber. Yameisha.

Bila gari inawezekana, tena kwa nafuu. Teksi za huko ni vipanya: haziondoki mpaka zijae, kwa hiyo fika alfajiri. Za safari ndefu mara nyingi hazina konda. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi mbele, na abiria wa karibu na dereva ndiye anayehesabu chenji. Kama hesabu zinakupiga chenga, kaa nyuma.

Durban ogelea kati ya bendera za waokoaji tu. Mwezi wa Juni na Julai sadini wanapopita, nyavu za kuzuia papa huondolewa na fukwe huweza kufungwa, kwa hiyo uliza kwanza. Kisha panda hadi Mtubatuba, ubadilishe kwenda St Lucia, mji ambao viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi za bustani. Giza likiingia, usizurure. Sodwana, ufuko wa wazamiaji ulio kaskazini zaidi, unafika kupitia mji mdogo wa Mbazwana. Watu wa Tanga watafurahi kujua kwamba silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa pia kwao, walionwa huko na wazamiaji mwaka 2000, kina cha zaidi ya mita 100.

Lakini Kosi ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Maziwa manne yameungana na kutokea baharini kwa mlango mmoja, na majini pamejaa nyando, yaani mitego ya uzio. Mvuvi wa Pemba angezitambua papo hapo. Uzio wa fito na vijiti umepindwa kwenye maji mafupi, unamwongoza samaki anayerudi baharini hadi kwenye chumba cha mviringo. Mlangoni mwa chumba kuna vijiti vyembamba vilivyoelekea ndani: samaki akivisukuma vinampisha, akishapita vinarudi mahali pake. Samaki wadogo hupenya kati ya fito. Kila uzio una ukoo wake, na mwenyewe huja na mkuki kumtoa aliyenaswa. Usiguse fito hata kwa ajili ya picha.

Kutazama vizuri, nenda siku za bamvua, ufike maji yamekupwa kabisa. Ingia na miwani ya kuzamia yanapoanza kujaa: maji safi ya bahari huingia, na mkondo hukusukuma upande wa ziwani. Yakianza kupwa, toka, maana sasa mkondo unakupeleka bahari kuu, na aliye peke yake hana wa kumwona akichukuliwa. Vaa viatu vya soli ngumu. Penye mawe hujificha samaki mwenye miiba ya sumu, usiyeweza kumtofautisha na jiwe lenyewe. Maziwani kuna mamba, viboko na hata papa.

Kwenye usafiri wa kufika huko ndipo msimamo wangu wa bila gari unapolegea. Teksi inaishia Manguzi, mji wa karibu na Kosi. Kutoka huko hadi mlango wa maziwa ni mchanga mtupu, na huingii bila kibali na gari la 4x4 lililopunguzwa upepo wa matairi hadi bar 1 na ushei. Gari dogo la kukodi litazama, na bima yake kwa kawaida haihusiki na mchanga.

Kwa hiyo jibu langu: peke yako hadi Sodwana, sawa. Siku mbili za mwisho tafuta wenzako mchangie gari na mwongoza wageni wa Manguzi, na upange hilo mapema, kwani nje ya likizo za shule wageni huwa wachache. Mwenye uwezo wa kukodi 4x4 yake anaweza kunipuuza, mradi abebe pampu ya upepo na koleo.