Kwa mnaoanza uzamili wa fasihi: mtazameni Barthes akiwa kazini

Wadogo zangu mliosajiliwa mwaka huu, jina la Roland Barthes, mhakiki wa fasihi wa Ufaransa, mtakutana nalo kwenye somo la nadharia, na mtakariri kwamba katika makala moja alitangaza kifo cha mwandishi, yaani maana ya matini haitegemei nia ya aliyeiandika. Makala hiyo ni fupi, ilitoka 1967 kwa Kiingereza na 1968 kwa Kifaransa, na wapo wanaohitimu wakiwa wamebeba kauli hiyo peke yake. Miaka ya kusimamia tasnifu imenifanya niamini kwamba kinachomfaa zaidi anayeanza ni namna Mfaransa huyu alivyofanya kazi.

Alizaliwa Cherbourg mwaka 1915. Baba yake, ofisa wa majini, aliuawa vitani kabla mtoto hajatimiza mwaka, mama akamlea Bayonne na baadaye Paris. Mwaka 1934, akiwa na nia ya kuingia École normale supérieure, chuo teule cha Paris, akashikwa na kifua kikuu. Njia waliyopita wasomi wengi wa fasihi nchini kwake, yaani chuo hicho na kisha agrégation, mtihani wa ushindani wa kupata walimu, ikamfungia mlango. Akasoma Sorbonne, akafundisha sekondari kidogo, ugonjwa ukarudi. Kuanzia 1942 hadi 1946 sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika sanatoriamu, yaani hospitali za wagonjwa wa kifua kikuu, kwanza Saint-Hilaire-du-Touvet, halafu Leysin kule Uswisi.

Hapa ningependa tukae kidogo. Kitandani humo alimsoma Jules Michelet, mwanahistoria wa karne ya 19 aliyeandika mabuku na mabuku. Kila sentensi iliyomvutia, kila jambo lililojirudia, alilinakili kwenye kadi. Kisha akazipanga kadi zile, akazipangua, akazipanga tena, mpaka maudhui yaliyomsumbua Michelet (damu, joto, maji, kipandauso) yakajitokeza yenyewe. Kitabu kilichotokana na kadi hizo kilichapishwa 1954. Angalieni mpangilio: matini kwanza, kadi zikafuata, hoja ikaja mwisho.

Wanafunzi wengi wanaokuja ofisini kwangu wanaanzia upande wa pili. Wameshachagua kiunzi cha nadharia, sura ya pili imeandikwa nusu, na riwaya yenyewe wameisoma mara moja tu. Matokeo yake riwaya inalazimishwa kukiri kile ambacho nadharia ilishasema. Basi fanyeni hivi: kadi moja, jambo moja. Nakilini maneno kama yalivyo, pamoja na ukurasa. Maoni yenu yaandikeni upande wa nyuma ili yasichanganyike na maneno ya mwandishi. Anayetumia simu atumie simu, mradi vipande viweze kuhamishwa. Mkifika kadi mia mbili hivi, zimwageni mezani mtazame zipi zinaitana. Barthes aliishi na kadi zake mpaka mwisho. Alipofiwa na mama yake, Oktoba 1977, kesho yake alianza kuandika maombolezo yake kwenye vipande vidogo vya karatasi.

Kuhusu riziki, sitawaficha. Baada ya kupona alikwenda kufanya kazi ya maktaba kwenye taasisi ya Ufaransa mjini Bucharest, kisha akafundisha Alexandria, Misri. Ruzuku ya utafiti aliipata, ikakatika, akaipata tena. Lakini Alexandria ndiko alikofahamiana na mwanaisimu A. J. Greimas, aliyemsukuma kwenye isimu ya Ferdinand de Saussure wa Uswisi, na bila isimu hiyo Barthes tunayemsoma leo asingekuwapo. Kwa hiyo ukipangiwa kituo usichokitaka, tafuta hapo mtu mmoja anayejua usichokijua. Msinielewe vibaya, lakini: yeye hakumaliza uzamivu, na kazi yake kuhusu mitindo ya mavazi iliyoanza kama tasnifu iliishia kuwa kitabu mwaka 1967. Leo mlango huo wa kupanda bila uzamivu haupo. Malizeni tasnifu zenu.

Kati ya 1954 na 1956 aliandika makala fupi za karibu kila mwezi kuhusu mambo aliyoyaona Ufaransa: mieleka, sabuni za kufulia, nyama na chipsi, gari jipya la Citroën. Zilikusanywa 1957 kuwa Mythologies. Mfano wake maarufu ni jalada la jarida la Paris-Match alilopewa akiwa kwa kinyozi: kijana mweusi mwenye sare za jeshi la Ufaransa akipiga saluti. Barthes alionyesha jinsi picha hiyo inavyoufanya ukoloni uonekane kama jambo la kawaida, lisilohitaji kuelezwa. Msomaji wa Afrika ana haki ya kumsoma hapo kwa makini kuliko popote. Kwenu nasema: andikeni fupi na kwa tarehe maalumu, hata kama ni gazeti la idara. Mkono unaosubiri tasnifu ndipo uandike unachelewa kukomaa.

Kukosolewa kutakuja. Mwaka 1963 Barthes alitoa Sur Racine, kitabu kuhusu Racine, mwandishi wa tamthilia wa karne ya 17, na 1965 Raymond Picard, profesa wa Sorbonne na bingwa wa Racine, akamshambulia kwa kijitabu kizima kilichouliza kama uhakiki mpya si ulaghai mpya. Barthes alijibu 1966 kwa kitabu Critique et vérité, akihoji kanuni ambazo mwenzake alizichukulia kuwa hazina mjadala. Mtahini akiwarudishia sura imejaa wino mwekundu, ulizeni kila alama imesimama juu ya kanuni gani. Nyingine mtazikubali, na hizo rekebisheni siku hiyohiyo.

Mwaka 1976 alichaguliwa kuwa profesa wa Collège de France, taasisi ya heshima kubwa mjini Paris, na alipofungua mihadhara, Januari 1977, alisema wazi kwamba alichozalisha ni insha tu. Kabla ya hapo, tangu 1960, alikuwa École pratique des hautes études, taasisi ya utafiti ya Paris, ambako semina ilikuwa karakana yake. Humo, mwaka 1968 na 1969, alisoma na wanafunzi hadithi moja ya Balzac, mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 19, iitwayo Sarrasine. Waliikata vipande 561, kila kipande kikaulizwa kinabeba maana zipi. Kitabu chake S/Z cha 1970 kimetoka katika kazi hiyo. Hadithi yenyewe unaimaliza jioni moja.

Kabla ya kikao chetu cha kwanza, kila mmoja achague hadithi fupi ya Kiswahili anayoipenda na akate kurasa mbili za mwanzo kwa namna hiyo, mstari kwa mstari. Nadharia iacheni nyumbani wiki hiyo. Njooni na vipande, na mahali mlipokwama pawekeni alama, kwa sababu ndipo tutakapoanzia.